Pakiti ya Manda na Mizani ya Nyumbani

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Mbinga

 

Mwezi wa Shaaban unayoyoma, na kila nyumba ya Muislamu imekwisha kuanza kupiga hesabu ya futari. Madukani nako maandalizi yameanza. Ukiingia leo katika duka lenye friji hapa Mbinga mjini utakuta manda za sambusa zilizokatwa tayari, sambusa zilizokwisha kujazwa nyama na kugandishwa, chapati za tabaka zinazosubiri kikaango tu, na unga wa keki uliochanganywa kiwandani, ambao mama huongeza mayai na maji akauweka motoni. Juma hili napenda tuzungumze juu ya pakiti hizo: zina nini ndani yake, zinatupa nini mwilini, na zinastahili nafasi gani katika sinia ya futari.

Barabara, umeme na friji

Vyakula hivi havikufika kwetu kwa bahati. Chakula cha kugandishwa kinahitaji mambo mawili, njia nzuri na umeme usiokatika ovyo. Mkoa wetu wa Ruvuma ulikaa miaka mingi ukitegemea mashine za dizeli, hadi njia kuu ya umeme ya kutoka Makambako hadi Songea ilipokamilika mwaka 2018 na kutuunganisha na gridi ya taifa. Kisha ikaja lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, katika Wilaya ya Nyasa, ambayo kabla ya mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya wilaya yetu. Safari iliyokuwa ya kutwa nzima wakati wa masika sasa ni ya muda mfupi. Katoni inayoteremshwa Songea asubuhi inaweza kulala Mbamba Bay siku hiyo hiyo.

Hiyo ni neema, na neema hushukuriwa. Lakini barabara haichagui cha kupitisha. Inapandisha usipa wa ziwani hadi milimani, na inateremsha pakiti za kiwandani hadi ufukweni, mahali ambapo bibi zetu walifuturu kwa muhogo wa kuchemsha na samaki. Ni juu ya mlaji kuchagua.

Halali, salama, kiasi

Muislamu anaposhika pakiti dukani huwa na swali moja mdomoni: je, ni halali? Swali hilo ni la lazima, na hasa kwa vyakula vya aina hii. Nyama iliyomo ndani ya sambusa ilichinjwa na nani? Mafuta yaliyokandia unga ni ya mimea au ya mnyama, na kama ni ya mnyama, mnyama gani? Jelatini iliyomo katika baadhi ya keki hutokana na ng'ombe, samaki au nguruwe. Kiungo kinachoandikwa E471 huweza kutengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya mnyama, na namba peke yake haikuambii ni yapi. Ndiyo maana nembo ya halali ina maana, na muuzaji anayeulizwa juu yake hana haki ya kununa.

Hata hivyo Qur'ani tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 168, iliwataka watu wote wale vilivyo halali na vilivyo vizuri. Masharti ni mawili, na sisi wengi wetu tumeshika moja. Kitu chaweza kuwa halali kwa asili yake na kisiwe kizuri kwa mwili wa huyu anayekila, au kisiwe kizuri kwa wingi anaokila. Ndiyo maana katika Suratul A'raf aya ya 31 ruhusa ya kula na kunywa imefungamanishwa papo hapo na katazo la israfu.

Basi naomba tuwe na maswali matatu. La kwanza ni halali yake, na hilo hujibiwa na nembo ya halali. La pili ni usalama wake, na kwa hilo tunatazama alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lililokabidhiwa pia usimamizi wa usalama wa chakula. La tatu ni kiasi chake, na swali hili hakuna nembo inayolijibu. Jibu lake limeandikwa kwa herufi ndogo ubavuni mwa pakiti, na anayelitafuta ni mlaji mwenyewe.

Kuusoma ubavu wa pakiti

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, akakuta ubichi uliofichwa chini ya ukavu wa juu. Akamkemea mwenye mali, na akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Sisi hatuwezi kutia mkono ndani ya pakiti iliyofungwa. Maandishi ya ubavuni ndiyo mkono wetu, na anayelipa fedha bila ya kuyasoma ameridhika na ukavu wa juu. Yasomwe hivi:

1. Orodha ya viungo. Hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Ukiona sukari au mafuta yametajwa mwanzoni, ujue hayo ndiyo uliyonunua kwa wingi.

2. Aina ya mafuta. Tafuta neno "hydrogenated". Maana yake ni mafuta ya maji yaliyotiwa haidrojeni kiwandani ili yagande. Yanapogandishwa nusu huzaa aina ya mafuta inayoziba mishipa ya moyo kuliko mafuta mengine yote. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliyataka mataifa yayaondoe kabisa katika chakula, au yasizidi gramu 2 katika kila gramu 100 za mafuta yote.

3. Nguvu, yaani kalori. Pakiti nyingi huandika vipimo viwili, kJ na kcal. Tunachokiita kalori katika mazungumzo ya kila siku ni hiyo kcal. Ukikuta kJ peke yake, gawanya kwa 4.2.

4. Kipimo cha hesabu. Tazama kama tarakimu ni za gramu 100, za kipande kimoja, au za pakiti nzima. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Namba hukaa ndogo kwa sababu kipande kilichopimwa ni kidogo, na mlaji hali kipande kimoja.

5. Chumvi. Pakiti ikiandika sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi yenyewe. Mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa.

6. Tarehe na hifadhi. Chakula cha kugandishwa hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukikuta sambusa za nyama zimegandamana bonge moja, au pakiti imejaa chenga za barafu ndani, huenda iliyeyuka umeme ulipokatika kisha ikagandishwa upya. Iache dukani, hata kama imepunguzwa bei.

Hesabu ya sambusa

Kalori huhesabika kwa kanuni nyepesi. Gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, ya protini hutoa 4, na ya mafuta hutoa 9. Tuchukue mfano wa pakiti ya unga wa tabaka, ule uliokandwa tayari kwa kuokea vitafunwa. Tuseme ubavuni imeandikwa kwamba kila gramu 100 zina mafuta gramu 25, wanga gramu 40 na protini gramu 6. Mafuta yatatoa kalori 225, wanga 160, na protini 24. Jumla ni 409. Zaidi ya nusu ya nguvu hiyo imetoka kwenye mafuta, ingawa kwa macho unaona unga tu. Pakiti ya gramu 400 itakuwa na kalori 1,636. Wakigawana watu wanane, kila mmoja amepata kalori 200 na ushei, na bado hatujatia nyama, jibini wala sukari ndani yake.

Sasa tugeukie manda. Manda yenyewe ni nyembamba na haina makuu, kwani ni unga, maji, chumvi na mafuta kidogo. Manda ya gramu 11 ina kalori kama 35. Ukitia gramu 20 za nyama ya kusaga umeongeza kama 45. Mzigo mkubwa unakuja kwenye karai. Sambusa ikinywa gramu 5 tu za mafuta, imejiongezea kalori nyingine 45, na jumla inafika 125. Sambusa hiyo hiyo ukiipaka gramu moja ya mafuta na kuioka, jumla yake haifiki 90. Mwenye kula sambusa nne kila magharibi kwa siku thelathini atakuwa ameepuka zaidi ya kalori 4,000 kwa kubadili moto tu, bila ya kupunguza hata sambusa moja.

Wala tusiseme kwamba kuoka ni kwa wenye oveni. Mama zetu walioka mikate na keki kwa kupalia, makaa kidogo chini na makaa mengi juu ya kifuniko. Jiko lile lile la mkaa lililoko uani linatosha.

Uadilifu unatutaka tupime pia vya nyumbani, ambavyo havina maandishi ubavuni. Andazi la gramu 50 lina kalori kati ya 150 na 200. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina zaidi ya kalori 120. Anayezamisha kachori katika karai la mafuta yaliyotumika tangu juzi, yakawa meusi kama kahawa, hana la kumwambia mwenye kiwanda. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba cha pakiti ni kibaya na cha nyumbani ni kizuri kwa sababu tu kimepikwa nyumbani. Mizani iwe moja kwa wote.

Shibe na udumavu katika nyumba moja

Huenda msomaji akauliza: kalori si ndiyo nguvu, na sisi ni wakulima? Ni kweli. Anayechimba ngoro kwenye miteremko ya Umatengo, au anayeshusha gunia la kahawa mabegani, anahitaji nguvu nyingi kuliko mimi ninayeshinda nimekalia daftari la kamati. Kalori si adui. Tatizo ni kalori zinazokuja peke yake, bila ya madini ya chuma, zinki, vitamini wala protini ya kutosha.

Tazama hali yetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na Ruvuma, mkoa unaosifika kwa mahindi, umo miongoni mwa mikoa iliyozidi wastani huo. Upande wa pili, utafiti kama huo wa mwaka 2015-16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 walio kwenye umri wa kuzaa wana uzito uliozidi, na wakati huo huo kama 45 katika kila 100 wana upungufu wa damu. Nao uchunguzi wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kama mtu mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na kama tisa katika mia wana kisukari.

Tarakimu hizi si za nyumba tofauti. Mama mnene asiye na damu ya kutosha, na mtoto mfupi kuliko umri wake, huweza kulala chini ya paa moja lenye ghala lililojaa. Tumbo la mtoto ni dogo. Likijazwa unga mweupe, mafuta na sukari saa kumi, saa moja halina nafasi ya maharage. Ameshiba, na wala hakulishwa. Kanuni za mwaka 2011 ziliwataka wenye viwanda vikubwa kuongeza virutubishi katika unga na mafuta ya kula, na hilo limesaidia. Hata hivyo unga uliorutubishwa hauchukui nafasi ya mboga, samaki na kunde.

Hoja iliyoletwa kamatini

Haya niliyoyaandika yalikuwa na sababu. Mwezi huu kamati yetu ililetewa hoja: muumini mmoja mwenye uwezo, Allah amlipe kheri, alijitolea kuleta katoni za sambusa za kugandishwa na chapati za tabaka kwa ajili ya futari ya pamoja na ya watoto wa madrasa, mwezi mzima. Wajumbe wengi walifurahi. Kazi ingepungua, chakula kingekuwa sawa kwa wote, na kila mtu angeshiba.

Kisha mzee mmoja, mwenye kisukari cha miaka mingi, akaomba nafasi. Akasema, "Mwanangu Katibu, sipingi sadaka ya mtu. Nauliza tu, mimi nikija msikitini magharibi nitafuturu nini? Nikikaa nyumbani mtasema mzee amejitenga na jamaa. Nikija nitakula mtakachonipa, kwa sababu naona haya kukataa mbele ya watu."

Baada yake akasimama mwakilishi wa akina mama. Alikumbusha kwamba wapo wajane wawili mtaani wanaosomesha watoto kwa sambusa na vitumbua wanavyouza mwezi wa Ramadhani. "Wazee wangu," alisema, "katoni hizo zikifika mlangoni mwa msikiti, hao watauza kwa nani?"

Kikao kilinyamaza kidogo. Mwenyekiti akaniagiza nisome maandishi ya pakiti iliyoletwa kama mfano, nami nikasoma mbele ya wote: viungo, mafuta, chumvi, na idadi ya vipande vilivyohesabiwa kuwa mlo mmoja, ambavyo vilikuwa viwili. Mjumbe mmoja kijana akacheka, akasema yeye hula sita kabla ya sala ya magharibi. Hapo maneno yakawa mepesi. Wajumbe wawili walibaki na rai kwamba sadaka ipokelewe kama ilivyoletwa, na rai yao iliandikwa katika muhtasari, kwa sababu hoja yao nayo ilikuwa na uzito: anayetoa asikatishwe tamaa.

Tulikwenda kwa mfadhili kwa adabu, tukamweleza. Naye, kwa moyo mkunjufu, akakubali sadaka yake iwe fedha badala ya katoni. Wajane wale wawili wamepewa kazi ya kupika kwa malipo. Siku nne za juma zitakuwa za muhogo au viazi vitamu vya kuchemsha pamoja na usipa au maharage, uji wa nafaka usio na sukari nyingi, na matunda. Siku tatu zitakuwa za sambusa, zilizojazwa maharage, kabichi na karoti, au nyama kidogo, na zitaokwa kwa kupalia. Manda watanunua zilizo tayari wakizidiwa na kazi, maana hakuna ubaya ndani yake. Kwa wenye kisukari itakuwepo sahani yao kila siku, bila ya mtu kulazimika kuiomba kwa sauti. Tumewakumbusha pia wote wanaotumia dawa wamuone daktari kabla ya mwezi kuandama.

Katika nyumba yako

Sikuandika haya ili mama anayerudi kazini saa kumi na moja ajione mkosefu kwa kufungua pakiti. Pakiti imemsaidia, na wepesi katika dini yetu ni jambo linalopendeza. Ninachoomba ni mambo machache yanayowezekana. Pakiti iwe ya siku moja moja, isiwe desturi ya kila magharibi. Isomwe kabla ya kulipiwa. Kinachoweza kuokwa kisizamishwe katika mafuta. Katika kila sinia yenye unga mweupe kiwemo kitu cha ardhi yetu au cha ziwa letu: maharage ya Umatengo, usipa wa Mbamba Bay na Liuli, mchicha, papai. Muhogo peke yake una wanga mwingi na protini kidogo, na wazee wa pwani ya Nyasa waliujua udhaifu huo bila ya maabara, ndipo wakauozesha kwa samaki mdogo anayeliwa mzima na mifupa yake.

Jambo jingine ni la watoto. Mwanafunzi wa madrasa anayesoma Qur'ani kwa irabu hashindwi kusoma ubavu wa pakiti. Mpe kazi hiyo dukani, akutajie kalori, chumvi na tarehe. Atakuwa amejifunza hesabu, na amejifunza kwamba Suratul Mutaffifin, inayowaonya wapunjaji wa vipimo, inahusu pia namna tunavyopima kinachoingia vinywani mwetu na vya wale tunaowalea.

Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, alifundisha kwamba tonge chache za kumsimamisha mtu mgongo zinamtosha, na kama hapana budi kuzidisha, basi theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Juma lijalo, inshaallah, tutatazama vinywaji vya futari na sukari iliyomo ndani yake. Mpaka hapo, kila mwenye nyumba aangalie kama ile theluthi ya pumzi bado ipo.

Wabillahi tawfiq.